Sukari kwa Hank, Caz Akaambulia Patupu

Kila Agosti 11 wapenzi wa hip hop hukumbuka usiku wa mwaka 1973 ambapo DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alipiga santuri kwenye sherehe ya dada yake Cindy, katika jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, Bronx. Madijei na mastaa hupewa sifa zao. Waandishi wa mistari husahaulika, na dhuluma hiyo ina umri sawa na biashara yenyewe ya rap.

Mwaka 1979 Sylvia Robinson, mwimbaji wa zamani aliyeishi Englewood, New Jersey, alianzisha lebo ya Sugar Hill, jina la mtaa wa Harlem. Alihitaji marapa haraka. Big Bank Hank alikuwa akitengeneza piza huku akichana mistari iliyokuwa kwenye kanda. Akachukuliwa papo hapo, pamoja na Wonder Mike na Master Gee.

Lakini mistari ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Grandmaster Caz, rapa wa Bronx ambaye Hank alikuwa meneja wake. Caz amesimulia kwa miaka mingi kwamba Hank alimwendea kuomba mashairi, naye akamkabidhi daftari lake achague anayotaka, akiamini kwamba rafiki akifanikiwa atamkumbuka. Hank hakubadilisha kitu. Hata pale Caz alipotamka herufi za jina lake la jukwaani, Casanova, Hank alizitamka vilevile mbele ya dunia nzima.

Wimbo wao, "Rapper's Delight", ukawa rap ya kwanza kuingia kwenye 40 bora za Marekani. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic, wenye muziki wa "Good Times" uliotumika humo, walitishia kwenda mahakamani na majina yao yakaandikwa. Caz, asiye na wakili wala karatasi, anasema hakulipwa hata senti.

 

Kwetu, tangu rapa Saleh Jabir alipochana kwa Kiswahili juu ya biti la Vanilla Ice mwaka 1991, vijana wengi wameingia studio wakitegemea neno la rafiki tu. Anayemwandikia mwenzake mistari aandikwe jina na asaini mkataba kabla wimbo haujatoka. Urafiki hauzuiwi na karatasi, dhuluma huzuiwa.