Pikapu Ilivyoinamishwa Kukwepa Upepo

Nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta mwaka 1973, Edwin Saltzman, mhandisi wa NASA huko California, alikuwa mpenda baiskeli. Kila lori lilipompita, upepo wake ulimsukuma pembeni kwanza, kisha ukamvuta kuelekea barabarani. Mwingine angemtukana dereva. Yeye alianza kupiga hesabu ya mafuta yanayoteketea kwa kuisukuma hewa yote hiyo.

Katika kituo cha NASA cha Dryden, yeye na wenzake walichukua kigari kikuukuu cha Ford, wakakivisha mabati ya alumini hadi kikawa sanduku la kona kali kila upande. Upimaji haukuwa na makuu: dereva anakimbiza gari, anatoa gia, wenzake wanapima linavyopoteza mwendo. Kisha wakaanza kuviringa kona. Zilipoviringwa zote, za wima na za ulalo, ukinzani wa hewa ulishuka kwa asilimia 54, na nafasi ya ndani ikapungua kwa asilimia 3 tu. Walipoziba uvungu, ukinzani ukashuka tena. Injini haikuguswa.

Malori yalijifunza mapema, pikapu ikabaki nyuma. Wenye pikapu walijaribu kujiokoa kwa ujanja wao wa kushusha mlango wa nyuma ili upepo upite. Vipimo vya maabara za upepo vikawaumbua: mlango ukifungwa, hewa huzunguka pale nyuma, na ile ya juu huteleza juu yake.

Julai 2008 pipa la mafuta lilivuka dola 140. Chevrolet wakaja na pikapu ya Silverado XFE ya 2009: imeshushwa springi, imerefushiwa ubao wa kukinga upepo chini ya bampa, nyuma imefunikwa turubai, rimu ni za alumini. Kazi yote hiyo ikaitoa kwenye maili 20 kwa galoni barabara kuu, ikaifikisha 21! Kwa mwenye gari moja ni senti. Kwa kiwanda kinachouza malaki ni meli nzima za mafuta.

Huku kwetu fundi huombwa kuongeza jani la springi, si kupunguza, na kwa makorongo yetu nani atamlaumu? Pikapu ya Ram 1500 ya 2013 ilitafuta njia ya kati kwa springi za hewa: kwenye lami mwendo ukikolea inajishusha kama milimita 28, na penye mawe dereva anabonyeza kitufe, inainuka.