Kupandikiza Watu: Serikali na Hesabu ya Wakazi katika Kivu ya Kaskazini

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda ofisi iliyoitwa kwa Kifaransa Mission d'Immigration des Banyarwanda, ambayo wanahistoria wamezoea kuifupisha kwa herufi tatu: MIB. Kazi yake ilikuwa kuzichukua familia kutoka Rwanda, nchi iliyohesabiwa kuwa na watu kupita kiasi, na kuziweka katika milima ya Masisi, magharibi ya Goma, ambayo ilihesabiwa kuwa na watu wachache mno. Makala haya yanakusudia kuichunguza kazi hiyo pamoja na yaliyoifuata, na hasa kulijibu swali moja: ilikuwaje watu waliohamishwa na dola yenyewe, kwa mpango wake na kwa amri yake, wakaja kuulizwa na dola iliyoirithi ile ya kwanza waliingia nchini lini na kwa idhini ya nani?

Hatuna budi kuanza mbali kidogo. Katika miaka ya kwanza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, hofu kubwa ya watawala wa Kongo ya Kibelgiji ilikuwa kupungua kwa watu. Mwaka 1919 kamisheni ya serikali iliyokabidhiwa ulinzi wa wenyeji ilikadiria kwamba idadi ya wakazi ilikuwa imeshuka kwa nusu tangu Wazungu walipoanza kuimiliki nchi. Kazi za mpira na uchukuzi wa mizigo, ugonjwa wa malale, na katika baadhi ya sehemu utasa wa wanawake, vilikuwa vimefanya kazi yao. Huruma ilikuwapo, lakini hesabu ilikuwapo pia: migodi na mashamba hayaendeshwi bila mikono. Mwaka 1930 uliundwa mfuko wa tiba uliojulikana kama FOREAMI, ambao ulianza kazi katika Kongo ya Chini. Kule Katanga, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilibadili siasa yake mwishoni mwa miaka ya 1920: badala ya kuajiri vijana wapweke kwa muda mfupi, ilianza kuwaruhusu na hata kuwahimiza waje na wake zao, ikafungua vituo vya kupimia watoto na kugawa maziwa. Madaktari na masista walihubiri kwamba mama wa Kikongo ananyonyesha muda mrefu mno na hivyo anachelewa kushika mimba nyingine. Basi aachishe ziwa mapema. Kwa jicho la leo ushauri huo unashangaza, kwani kupishanisha uzazi ndiko kulikomwokoa mtoto na mamaye. Lakini wakati ule kilichotakiwa ni wingi. Mwaka 1933 amri ilipiga marufuku kuuza na kutangaza vizuizi vya mimba. Mume wa mke mmoja mwenye watoto kuanzia wanne alisamehewa kodi, ilhali mwenye wake wengi alitozwa nyongeza, mpaka amri ya 1950 ikakataza ndoa mpya za mitala.

Basi hali ilikuwa hivyo Kongo. Ng'ambo ya ziwa Kivu mambo yalikuwa kinyume. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Ubelgiji kwa mandati ya Shirikisho la Mataifa, na sheria ya 1925 iliiunganisha kiutawala na Kongo. Mamlaka yale yale, kwa hiyo, yalikuwa na madaftari mawili: katika moja yaliandika upungufu, na katika jingine ziada. Njaa kubwa ya 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, iliua watu wengi na kuwatawanya wengine, hasa kuelekea Uganda, ambako mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda yalihitaji vibarua. Kwa Wabelgiji hiyo ilikuwa hasara maradufu, maana watu waliokuwa wanawapoteza walikuwa wanamnufaisha Mwingereza. Ndipo likazaliwa wazo la kusawazisha madaftari: ziada ya huku ijaze upungufu wa kule.

Lakini je, Masisi ilikuwa tupu kweli? Hapa ndipo hesabu ya serikali inapotia shaka. Tangu amri ya tarehe 1 Julai 1885, ardhi yote isiyokaliwa wala kulimwa waziwazi ilihesabiwa kuwa tupu, nayo ni mali ya dola. Amri hiyo haikutambua kwamba kwa Bahunde, kama kwa majirani zao, shamba lililopumzishwa si shamba lililoachwa, na msitu wa kuwinda na kutegea una mwenyewe, anayejulikana kwa mwami na kwa wakuu wa koo. Zaidi ya hayo, serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kuubana mkeka. Mwaka 1925 ilianzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, kisha ikaipanua zaidi ya mara moja. Na mwaka 1928 iliunda Comité National du Kivu, halmashauri iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ili kuwagawia walowezi wa Kizungu. Walowezi hao walipanda kahawa, chai na pareto, na wote walilia jambo moja: vibarua hawatoshi. Tukiyaweka haya pamoja tunaona kwamba neno "tupu" halikuwa maelezo ya nchi. Lilikuwa ombi la wafanyakazi.

Uhamishaji ulipitia vipindi viwili. Katika kile cha kwanza, kuanzia 1937 hadi 1945, watu wapatao 25,000 walipelekwa, wengi wao katika nyanda za juu za Gishari. Cha pili kilianza 1949 na kukoma 1955. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi kwa vipindi vyote viwili ni watu wapatao 85,000, ingawa wapo waandishi wanaotaja idadi kubwa zaidi kwa kuwajumlisha wale waliovuka wenyewe wakiwafuata ndugu au kutafuta kibarua. Mazungumzo juu ya ardhi yalifanyika baina ya watawala na wakuu wa kimila. Mkulima wa Kihunde aliyekuwa akilima au kuwinda pale hakuwa na kiti barazani. Aliyehamishwa naye hakuwa na kiti. Gishari ilipewa mkuu wake, aliyetoka miongoni mwa wahamiaji, na hivyo ikatolewa katika mamlaka ya Bahunde. Halafu mwaka 1957 utawala huo ukafutwa na watu wake wakarudishwa chini ya wakuu wa Kihunde. Kwa miaka ishirini, basi, Wahunde wa Gishari walihisi wamenyang'anywa, na baada ya hapo Banyarwanda wakahisi vivyo hivyo. Mwamuzi alikuwa mmoja, na hakuwa jirani wa yeyote kati yao.

Sharti tuongeze jambo ambalo aghalabu husahauliwa katika mabishano. Si kila msemaji wa Kinyarwanda katika Kivu ya Kaskazini aliletwa na MIB. Mpaka baina ya Kongo na Rwanda uliamuliwa na mataifa ya Ulaya huko Brussels mwaka 1910, nao uliziacha upande wa Kongo jamaa zilizokuwa zikiishi Bwisha, katika Rutshuru ya leo, kabla ya mpaka huo. Hawa hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliowavuka.

Kwa kuwa hili ni jarida la lugha, msomaji ataniruhusu nisimame kidogo kwenye neno. Wabelgiji waliiita kazi hiyo transplantation, na waliohamishwa wakaitwa transplantés. Ni neno la bustani. Kiswahili chake ni kupandikiza: kuung'oa mche kitaluni na kuutia katika shamba jingine. Neno hilo lina mengi ndani yake. Mche hauulizwi. Udongo hauulizwi. Anayejua nafasi ya kutosha baina ya shina na shina ni mtunza bustani peke yake. Tukilinganisha, Tanzania ilipowakusanya mamilioni ya wakulima vijijini kati ya 1973 na 1976, iliiita kazi hiyo Operesheni, neno lenye harufu ya kambi ya askari; na neno hilo angalau halikuficha kwamba ilikuwapo amri na kwamba ziliweza kutumika nguvu. Lugha ya bustani ni laini zaidi, na kwa sababu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi.

Baada ya uhuru siasa ya idadi iligeuka, angalau katika hotuba. Tarehe 5 Desemba 1972 Rais Mobutu alizungumza mbele ya baraza la kutunga sheria juu ya "naissances désirables", yaani watoto waliotamaniwa na wazazi wao, na mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya taifa ya jambo hilo. Kenya ilikuwa imetangulia kwa mpango wake wa 1967, ingawa mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya bado alikadiriwa kuzaa watoto wanane. Rwanda nayo iliunda ofisi yake ya idadi ya watu, ONAPO, mwaka 1981. Kwa Zaire siasa hii haikwenda mbali na miji mikubwa, wala sioni haja ya kukaa nayo. Katika Kivu, dola ilikuwa imekwisha kupata chombo kingine cha kuongeza na kupunguza watu. Chombo hicho ni tarehe.

Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Msomaji na airudie tarehe hiyo, kisha akumbuke kwamba kipindi cha pili cha MIB kilianza 1949 na kuendelea mpaka 1955. Familia iliyopelekwa Masisi na serikali mwaka 1949 iliingia ndani ya sheria. Familia iliyopelekwa na ofisi ile ile, kwa utaratibu ule ule, mwaka 1953, ilibaki nje. Kisha sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikaifuta ile ya kwanza na kudai kwamba raia awe mzawa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mipaka ipi? Mwaka 1885 hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona ziwa Kivu. Mjerumani von Götzen alilifikia mwaka 1894, na mpaka wenyewe, kama tulivyosema, ni wa 1910. Sheria ilikuwa inamtaka mtu athibitishe kwamba babu yake alikaa ndani ya mstari ambao haukuwa umechorwa.

Kwa miaka kumi sheria hiyo ililala kabatini. Iliamshwa wakati wa kuelekea vyama vingi, kwani palipo na kura kila kichwa kina thamani mpya. Mwaka 1991 serikali ilituma watu kuwatambua na kuwaandika raia katika Kivu ya Kaskazini, na mahali pengi zoezi hilo lilipokewa kwa hofu au kwa ghasia. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu walikufa, wa kila upande, na watu wengi zaidi wakayakimbia makazi yao. Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake katika muda wa siku chache, na kipindupindu kikawashukia. Vita vilivyofuata vina waandishi wake. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilijaribu kuirekebisha tarehe: sasa kipimo kikawa tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, kwa makabila yote ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa sehemu ya Kongo siku hiyo.

Hata hivyo sheria huishi kwa karatasi, na karatasi ni haba. Sensa ya mwisho iliyokamilika nchini ni ile ya Julai 1984, iliyohesabu watu takriban milioni 30. Makadirio ya leo yanapita milioni 100, na yote yamejengwa kwa kukisia juu ya msingi huo mmoja. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kwa wengi kama kitambulisho. Mjukuu wa familia iliyopelekwa Masisi mwaka 1953, akisimamishwa njiani na kuulizwa ni nani, huonyesha kadi hiyo, kama aliwahi kuipata na kama haijapotea katika kukimbia. Na mjukuu wa Mhunde aliyelipoteza shamba la babu yake kwa mpango ule ule huonyesha ya kwake, inayofanana nayo.