Gobori na Bunduki ya Mifuo: Sheria ya Silaha Kuukuu Tangu Brussels hata Sapiwi

Bunduki zilizopelekwa bara kwa misafara ya karne ya 19 zilikuwa, nyingi zao, silaha kuukuu. Ulaya ilikuwa ikibadili silaha zake kwa haraka. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria kwa bunduki zijazwazo nyuma, na mataifa mengine yakaona hapana budi kuziacha zile za kushindiliwa kwa mdeki. Waingereza walishika Snider mwaka huo huo, kisha Martini-Henry mwaka 1871, kisha Lee-Metford mwaka 1888. Na kila badiliko liliacha ghala zilizojaa mali isiyotakiwa tena. Mali hiyo ilitafuta soko, na soko lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hata 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Kutoka pwani zilichukuliwa hata Tabora, na kutoka Tabora njia ilipanda kaskazini kwenye nchi ya Wasukuma, ambayo upande wake wa mashariki ndiko iliko Sapiwi, katika wilaya ya Bariadi.

Mapatano yaliyotiwa sahihi Brussels tarehe 2 Julai 1890, ambayo Unguja nayo iliingia, hayakukataza bunduki zote. Yalizigawa kwa maumbile yake. Tangu latitudo ya 20 kaskazini hata ya 22 kusini, bunduki yenye mifuo, yaani michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu ili risasi izunguke, ilizuiliwa. Na vivyo hivyo ile ijazwayo nyuma, na ile iwekayo risasi kadhaa kwa pamoja. Iliyoachwa katika biashara ni bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, pamoja na baruti hafifu. Makusudi yaliyotangazwa yalikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ni vigumu kuamini kwamba serikali zilizokuwa zikigawana Afrika hazikuyafikiria majeshi yao wenyewe.

Bunduki ya mifuo iliweza kupatikana na mtu mmoja mmoja, ila kwa sharti. Ilimpasa atoe dhamana ya kutosha kwamba silaha hiyo haitapewa, haitahamishwa wala haitauzwa kwa mtu mwingine. Bunduki iliandikwa na kupigwa alama, na cheti kikataja jina la mwenyewe na alama ile. Muda wake miaka 5, nacho chaweza kufutwa. Hapo ndipo mnunuzi wa silaha kuukuu alipofungiwa mlango. Kumiliki kwaweza kuwa halali, lakini kupokezana si halali, na bunduki iliyokutwa mkononi mwa mtu wa pili ilimshuhudia yeye na aliyemwuzia pia.

Lugha, hata hivyo, haikufuata mgawanyo huo. Majina ya zamani ya Kiswahili huitazama bunduki kwa namna iwashwavyo: ya mrao huwashwa kwa utambi, ya gumegume kwa jiwe, ya fataki kwa kifuniko chenye baruti kali. Gobori, au gobore kama wasemavyo wengi leo, huitwa hivyo kwa kuwa hushindiliwa mdomoni. Hakuna jina hata moja kati ya haya lisemalo neno juu ya mifuo. Itazamwe Enfield ya mwaka 1853. Ilishindiliwa kwa mdeki, basi kwa kila msemaji wa Kiswahili ilikuwa gobori. Lakini mtutu wake ulikuwa na mifuo, na moto wake ulitoka kwenye fataki, basi kwa Brussels ilikuwa haramu mara mbili. Hata Snider ya kwanza ilikuwa Enfield ile ile, imekatwa nyuma na kutiwa mlango. Mchuuzi aliweza kumwambia mteja wake kuwa auza gobori, asiseme uwongo, na mteja akawa na hatia.

Utawala ulipobadilika sheria haikulegea. Hati ya Udhamini wa Tanganyika ya mwaka 1922 iliwataka Waingereza waisimamie kwa ukali biashara ya silaha, na baada ya uhuru zilikuja sheria za mwaka 1991 na 2015. Katika hii ya mwisho upendeleo wa kale wa mtutu laini umekwisha: gobori nalo lataka leseni. Leseni ni ya mtu na silaha yake iliyotajwa, wala haimfuati mnunuzi pamoja na bunduki. Kukutwa na silaha bila leseni huhesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, nalo ni jambo zito kwa mfugaji aliyenunua chuma cha mhunzi wa kijiji akidhani kuwa amenunua kitu kidogo.

Kwa watu wa Bariadi shida ya silaha haikuwa ya vitabuni. Upande wa mashariki wamepakana na nyika za Serengeti, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na ng'ombe wao wametamaniwa na simba na wezi pia. Sungusungu walipotokea katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikwenda doria kwa pinde na mishale.