Baraza Kabla ya Ramani

Jina la Ng'ambo lilitolewa na mtu aliyesimama upande wa pili. Baina ya Mji Mkongwe wa Unguja na mitaa iliyo mashariki yake palikuwa na mkono wa bahari, na waliokaa katika nyumba za mawe walipowaona wenzao wakivuka daraja walisema wanakwenda ng'ambo. Maji yale yalikwishafukiwa katika karne iliyopita, na daraja limebaki katika jina la Darajani. Mtazamo haukufukiwa. Historia ya mipango ya Ng'ambo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mchoraji anayesimama mbali, akachora, kisha akawapelekea wenyeji alichokwisha kukichora.

Mwaka 1923 kilichapishwa kitabu cha H. V. Lanchester, msanifu wa Kiingereza, juu ya upangaji wa mji wa Unguja. Miaka mitano baadaye wakaazi wa Ng'ambo walitoa hoja yao wenyewe, bila ya ramani wala wino: mwaka 1928 waligoma kulipa kodi ya viwanja. Katika mitaa ile mtu aliweza kuwa na nyumba yake ya miti na udongo, na kiwanja iliposimama kikawa mali ya mwingine. Wakubwa waliuona mgomo ule kuwa ni fujo. Sisi twaweza kuusoma kuwa ni mchango katika upangaji wa mji, kwani swali la nani mwenye ardhi hutangulia swali la barabara ipite wapi.

Katika miaka ya 1940, Eric Dutton akiwa Katibu Mkuu, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuijenga upya Ng'ambo, na kiini chake kikawa Raha Leo. Watu walijengewa ukumbi wa kukutania, kana kwamba hawakuwa na mahali pao pa kukutana. Lakini jengo halimtii aliyelijenga milele. Ilipofika tarehe 12 Januari 1964, ni Raha Leo ndiko redio ilikotangaza kwamba utawala wa Sultani umeanguka.

Mapinduzi yaliitaifisha ardhi, na wataalamu wakaja kutoka Ujerumani ya Mashariki. Mpango wa mwaka 1968, uliosimamiwa na Hubert Scholz, ulikusudia kuiondoa Ng'ambo ya udongo na kusimamisha majumba ya ghorofa. Nia ya Mzee Karume haikuwa ndogo: aliyezaliwa katika kibanda naye apate umeme na maji ya mfereji. Palikatwa njia mbili pana zinazokutana Michenzani, nyumba nyingi zikabomolewa, na kando ya njia hizo yakalazwa majumba marefu ambayo watu waliyaita treni. Ujenzi uliendelea hata baada ya Karume kuuawa mwezi wa Aprili 1972, lakini mpango haukukamilika. Nyuma ya treni hizo mitaa ya zamani ipo hadi leo.

Aliyehamia ghorofani alipata choo cha ndani, na hiyo si neema ya kubezwa. Alichopoteza hakikuandikwa katika hesabu yoyote. Katika Kiswahili baraza ni kiti cha udongo au mawe mbele ya nyumba, na baraza ni mkutano wa watu wanaoshauriana. Lugha imeviweka viwili hivi katika neno moja kwa sababu wenyeji hawakuvitenganisha. Bomoabomoa iliyoondoa baraza la kwanza ililijeruhi na la pili: iliondoa mahali ambapo watu wangekaa kuujadili mpango wenyewe. Nao wakaazi hawakungoja fundi. Waliteremka chini ya ngazi, wakaweka mabao ya kukalia, meza za biashara na birika za kahawa, wakalirudisha baraza chini ya ghorofa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ng'ambo, inayokaliwa na watu wengi zaidi, ilibaki nje ya mpaka huo. Ndiyo maana mradi ulioanza mwaka 2013, uliounganisha idara ya serikali ya mipango miji na washirika kutoka Uholanzi, una uzito wake. Uliitwa Ng'ambo Tuitakayo. Ulianza kwa kuuliza na kuorodhesha, yakiwamo mabaraza na maskani, kabla ya kuchora.

Tulitazame jina hilo kama tunavyoutazama mshororo wa shairi. Uzito wake wote umo katika silabi ya kwanza: "tu". Ni nani waliomo ndani yake? Mpangaji wa chumba kimoja yumo? Muuza kahawa yumo, au ni mwenye hati ya nyumba tu? Na yule ambaye ardhi chini yake imepanda thamani kuliko yeye mwenyewe? Kuwaita watu ukumbini ramani ikiwa imekwisha kutiwa saini ni kuwapa habari, si kuwashauri. Ushauri unahitaji wakati ambapo neno "hapana" bado laweza kubadilisha kitu. Waliogoma mwaka 1928 walilijua hilo, nao hawakuwa na ukumbi. Walikuwa na mabaraza.