Almasi ya Wote: Kisa cha Botswana

Sisi tulio ughaibuni tumezoea kusikia kwamba nchi isiyo na bahari haina bahati. Tuitazame Botswana. Eneo lake ni karibu sawa na la Kenya, lakini watu wake ni kama milioni 2.4 tu. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa fukara: jangwa la Kalahari, ng'ombe, na vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini.

Rais wake wa kwanza, Seretse Khama, aliujua ugeni kama sisi. Alimwoa Mwingereza, Ruth Williams, mwaka 1948, na Uingereza ikamzuia kuishi kwao hadi 1956.

Mwaka 1967 almasi ikagunduliwa Orapa, katika ardhi ya kabila lake, Bangwato. Angeweza kusema ni yetu. Badala yake, sheria ya mwaka huohuo ikayafanya madini kuwa mali ya taifa. Shule na barabara zikajengwa.

Mwaka 2024 soko la almasi lilidorora, na uchumi ukanywea. Utajiri hupungua, haki waliyotendeana haipungui. Nasi tunaotuma fedha nyumbani tujiulize: tukijaliwa, tunakumbuka ukoo tu, au nchi nzima?