Gari limebonyea, litengenezwe au liachwe? Meli za ziwani na hesabu ya zamani ya Kalemie

Wenye magari mjini Kalemie wanaijua hesabu hii. Mlango umebonyea kidogo, ama ubavu umekwaruzwa na mizigo, na fundi wa garaji anaomba pesa ambayo ingenunua tairi. Gari lenyewe linatembea vizuri. Kwa jamaa za wahami zilizofika hapa tangu 2016 kwa sababu ya mapigano kati ya Watwa na Waluba, na ambazo zimebaki na pikipiki moja au gari moja kuukuu la kutafutia riziki, hesabu hiyo ni nzito zaidi. Pesa ikienda kwenye rangi, breki zitangoja.

Mji huu ulishaipiga hesabu ya namna hiyo kabla magari hayajajaa barabarani. Wakati ule chombo kilichoharibika kilikuwa meli.

Tarehe 22 Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilivuka ziwa ikaja kuipiga kwa mizinga Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, hapa kwenye ukingo wa Lukuga. Delcommune haikuweza kusafiri tena, na Wajerumani wakabaki mabwana wa ziwa zima. Baadaye ilitengenezwa, ikapewa jina Vengeur, yaani mlipiza kisasi.

Mwaka uliofuata Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka London kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, zikakokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, kisha treni tena, mto Lualaba, na reli ya Kabalo hadi hapa. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Kingani ilifikishwa ukingoni ikiwa imetobolewa na kombora, maji yanaingia, ikazama penye kina kifupi. Iliopolewa, tundu likazibwa, ikafungiwa mzinga mkubwa zaidi na kuitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, wiki sita tu baadaye, Fifi na Mimi ziliifukuza Hedwig von Wissmann hadi zikaizamisha. Katika wiki sita hizo kazi yenye maana ilikuwa tundu na mzinga. Sura ya boti haikumtisha adui.

Lakini kisa chenye mafundisho mengi kwa mwenye gari ni cha Götzen, meli kubwa ya Wajerumani iliyotengenezwa Papenburg, ikafunguliwa, ikaletwa kwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku na kuungwa upya Kigoma. Julai 1916, walipoona wanashindwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hiyo ndiyo siri yote. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Waingereza waliitoa majini 1924 wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba. Wazee waliovuka ziwa 1997 wanalijua jina hilo: mwaka ule Liemba ilirudisha Uvira, kutoka Kigoma, wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia vita vya Zaire. Meli iliyolala chini ya maji miaka mingi, iliyookolewa na tabaka la grisi!

Mafundi wale walijua kwamba chuma huliwa pale kinapoachwa wazi kwa maji na hewa. Gari ni vilevile. Mahali palipobonyea bila rangi kupasuka panachukiza macho tu, panaweza kungoja hata miaka. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma kitupu ni jambo lingine, hata kama ni mwembamba kama uzi. Mvua za masika zikipita mara mbili, kutu inaingia chini ya rangi ya pembeni na kuanza kuiinua, na kazi ya msasa na kopo dogo la rangi inageuka kazi ya kukata bati na kuchomelea.

Kuna pia mafundi wanaopaka mastiki juu ya kutu bila kuisugua kwanza. Mlango unang'aa mwezi mmoja, huku chini chuma kinaendelea kuoza. Hiyo ni pesa iliyotupwa ziwani, afadhali mlango ubaki na kovu lake.

Anayetaka kuuza gari ana hesabu yake, kwa kuwa mnunuzi hutumia kila alama kushusha bei. Anayebeba abiria na magunia kila siku ataangalia kwanza taa zote, mlango unaofunga sawasawa, na bampa isiyokaribia kugusa tairi. Baada ya hapo, penye chuma kitupu, apake rangi wiki hiyohiyo, hata kama rangi hailingani.