SAFU YA LUGHA: Irabu si Herufi

Katika mazungumzo ya kila siku Kinondoni na Temeke husikika dai kwamba Kiingereza kina irabu tano kama Kiswahili, dai linalochanganya irabu, yaani sauti inayotamkwa bila hewa kuzuiwa kinywani, na herufi, yaani alama inayoiwakilisha sauti hiyo katika maandishi. Neno irabu limetokana na Kiarabu, ambako hutaja mabadiliko ya mwisho wa neno yanayooneshwa zaidi kwa irabu fupi, lakini katika Kiswahili limekuwa jina la sauti yenyewe, nalo lina maana moja na vokali. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza, chenye herufi hizo hizo, huhesabiwa kuwa na irabu zipatazo 20. Ndiyo maana irabu moja ya Kiingereza isiyokuwapo katika Kiswahili imegeuka a katika shati na e katika nesi.

Kwa upande wa konsonanti, yaani sauti zinazotamkwa kwa hewa kuzuiwa au kubanwa, lugha zote mbili zina th na dh, kwa hiyo anayetamka thamani kama samani hana udhuru: samani ni meza na makabati yanayouzwa Keko, na thamani ni ubora au bei yake. Herufi huandikwa, irabu hutamkwa, visichanganywe.